Swali la Bungeni lisilokwepeka: mwongozo wa kulitoa kijijini hadi mbele ya Waziri

Msikilize Naibu Waziri yeyote akijibu asubuhi pale Dodoma. Mbunge kauliza, "Je, ni lini Serikali itajenga zahanati katika Kijiji cha Fulani?" Jibu linakuja limenyooka kama rula: Serikali inatambua umuhimu wa zahanati hiyo, na itaijenga kadri fedha zitakapopatikana. Mbunge anashukuru, Spika anaita swali linalofuata, kijiji kinabaki pale pale. Waziri hapo hakukwepa kitu. Swali lenyewe lilimwachia mlango wazi.

Mwongozo huu ni wa wanaotayarisha maswali hayo: wasaidizi wa wabunge, madiwani, viongozi wa vijiji na vikundi vya wananchi wanaotaka kero yao ifike Bungeni ikiwa na meno. Utaratibu unaoelezwa ni wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nguvu ya swali inatoka wapi

Ibara ya 63(2) ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 63(3)(a) inataja nyenzo ya kwanza ya kazi hiyo: kumuuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Shika maneno hayo mawili, "mambo ya umma" na "wajibu wake", maana maswali mengi hufia hapo.

Taratibu ndogondogo zimo katika Kanuni za Kudumu za Bunge. Kanuni hizi hutolewa upya mara kwa mara; kuna toleo la 2016, la 2020 na la 2023, na kila toleo namba huhama. Omba toleo linalotumika sasa kwenye ofisi ya mbunge. Usinukuu namba ya kanuni kutoka andiko la zamani, utaaibika mapema.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye mzigo

Swali likienda kwa Waziri asiyehusika, litarudishwa au litajibiwa kwa sentensi moja ya kulisukuma kwingine, na miezi imekwisha. Hakikisha mambo haya kabla hujaandika hata neno moja.

Barabara: uliza kwanza ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na Waziri wake ni wa Ujenzi. Barabara za wilaya, za vijijini na mitaa ya mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza 2017, na hiyo iko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Barabara moja yaweza kuanza kwa TANROADS njia panda na kuishia kwa TARURA sokoni. Muulize meneja wa TARURA wa wilaya, atakuambia kwa dakika tano.

Afya: zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri ni mali ya TAMISEMI kwa maana ya majengo, watumishi na uendeshaji. Wizara ya Afya inashika sera, hospitali za rufaa za mikoa na za kanda, na Bohari ya Dawa. Kwa hiyo "zahanati haina muuguzi" na "zahanati haina dawa" yanaweza kuwa maswali ya mawaziri wawili tofauti, ingawa kwa mgonjwa aliyelala pale ni shida moja.

Maji vijijini ni RUWASA, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Mijini ni mamlaka za maji. Zote ziko Wizara ya Maji. Umeme ni Wizara ya Nishati, lakini tofautisha kazi ya REA, yaani kupeleka miundombinu vijijini, na kazi ya TANESCO ya kuunganisha wateja na kutengeneza hitilafu. Shule za msingi na sekondari za Serikali zinaendeshwa na TAMISEMI. Mitaala, mitihani na vyuo vikuu ni Wizara ya Elimu.

Kisha Zanzibar. Afya, elimu ya msingi na maji ya Unguja na Pemba si mambo ya Muungano. Maswali yake yana nyumba yake, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, na mawaziri wa Serikali ya Mapinduzi. Ukiyaleta Dodoma yatakataliwa hata kama kero ni ya kweli tupu. Orodha ya mambo ya Muungano imo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba.

Hatua ya pili: karatasi moja ya ushahidi

Mbunge hahitaji faili. Anahitaji karatasi moja anayoweza kuisoma akiwa kwenye gari. Weka humo: jina kamili la kijiji, kata, jimbo na halmashauri; idadi ya watu kwa Sensa ya 2022; mradi ulianza lini, mkandarasi ni nani, mkataba ni wa shilingi ngapi, ulitakiwa kuisha lini, kiasi gani kimelipwa; na mwisho, nini hasa kinaonekana pale saiti leo. Hicho cha mwisho kiandike kwa kuhesabu, si kwa kusikitika. "Vituo 7 vimejengwa, 2 vinatoa maji" inatosha. "Wananchi wanateseka mno" haisaidii mtu.

Takwimu hizi zinapatikana wapi? Anza na kibao cha mradi, kisha muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha taarifa za robo mwaka zinazosomwa kwenye Baraza la Madiwani. Mbunge mwenyewe ni mjumbe wa baraza hilo, kwa hiyo makabrasha yale anayo, hata kama hajayafungua. Kwa fedha, tafuta vitabu vya bajeti: Juzuu ya Pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, ya Tatu ni ya mikoa na halmashauri, ya Nne ni miradi ya maendeleo. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, husomwa sana kwa ajili ya vichwa vya habari, lakini ndani yake mna majedwali ya halmashauri moja moja, na hayo ndiyo dhahabu. Ofisi ikikunyima taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia ya kuomba kwa maandishi, na mtoa taarifa ana siku 30 za kujibu.

Chimba pia Hansard za nyuma, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano, kwenye tovuti ya Bunge. Kama swali la mradi huohuo lilishaulizwa miaka mitatu iliyopita na Waziri akataja tarehe, umepata silaha kuliko takwimu zote hizo. Nakili tarehe ya kikao, namba ya swali na maneno yenyewe.

Onyo kuhusu asilimia. Taarifa za miradi hupenda kusema "utekelezaji umefikia asilimia 95". Inaweza kuwa kazi imefika 95, au malipo yamefika 95, na hayo ni mambo mawili. Na mradi wa maji wenye asilimia 95 bila pampu hautoi hata tone. Andika vyote viwili kando kando, na ulize kinachotoka bombani.

Jambo jingine: Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa anayoyasema ndani ya Bunge. Wewe uliyemwandikia huna kinga hiyo ukiyarudia mkutanoni au mtandaoni. Usiandike majina ya watumishi kwenye karatasi. Cheo na ofisi vinatosha.

Hatua ya tatu: tafuta kipimo ambacho Serikali yenyewe ilikiweka

Swali linalopima kazi ya Serikali kwa rula ya Serikali ni gumu kulikataa. Sera ya Maji ya 2002 iliweka vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kila kituo kihudumie watu 250. Chukua kalamu: kijiji cha watu 3,000 kinahitaji vituo 12. Kama vimejengwa 7, upungufu ni 5, na hakuna anayeweza kusema umetia chumvi.

Vivyo hivyo vyoo vya shule: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Sera ya Afya ya 2007 ilisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Umeme wa kijijini unaunganishwa kwa shilingi 27,000, ilhali bei ya mjini iliyopangwa Januari 2022 kwa mteja asiyehitaji nguzo ilikuwa shilingi 320,960. Ndiyo maana maeneo yenye jina la mtaa na sura ya kijiji yamezaa maswali mengi sana Bungeni. Hapo kinachoulizwa ni kigezo: nani aliamua kwamba hapa ni mjini, na kwa kipimo gani?

Ahadi za majukwaani na ilani ya chama nazo hutumika. Zina uzito wa kisiasa, lakini kwa Waziri ni rahisi kuzizungushia maneno. Kipimo cha sera na tarehe ya mkataba huzungushwa kwa shida zaidi.

Hatua ya nne: kuliandika

Hili hapa swali la kawaida kabisa:

"Je, Serikali haioni kwamba wananchi wa Kijiji cha Fulani wanateseka kwa kukosa maji, na ina mpango gani wa kuwasaidia?"

Sehemu ya kwanza inajibiwa "Serikali inaona". Sehemu ya pili inajibiwa kwa aya mbili za mpango wa taifa zima, na ndani yake Kijiji cha Fulani kinatajwa mara moja. Swali limejibiwa kikanuni, na hakuna kilichopatikana. Sasa linganisha:

"Je, kwa nini vituo 5 kati ya 7 vya mradi wa maji wa Kijiji cha Fulani havitoi maji ilhali mkataba uliisha tarehe 30 Juni, 2024, na vitaanza kutoa maji lini?"

Hapa Waziri ana mambo matatu ya kufanya: akubali au akanushe hesabu ya vituo, aeleze sababu, ataje tarehe. Akiacha moja, kila mtu ukumbini ataona pengo.

Yaangalie maneno ya kuulizia kama fundi anavyoangalia vifaa vyake, maana kila moja linaita jibu lake. "Haioni" huita "inaona". "Ina mpango gani" huita hotuba. "Ni lini" ikisimama peke yake huita "kadri fedha zitakapopatikana". Ifunge na mkataba, na mwaka wa fedha, au na ahadi iliyokwisha kutolewa. "Kwa nini" ni nzuri pale ambapo jambo limeshindikana na kuna tarehe iliyopita. Pasipo tarehe inageuka malalamiko. "Kiasi gani kimetolewa kati ya kilichotengwa" ni bora kuliko zote kwenye fedha, kwa sababu kutenga na kutoa ni vitu viwili, na pengo kati yake ndipo miradi mingi inapolala. Bajeti inaweza kusoma shilingi milioni 500, na hadi Aprili halmashauri imepokea sifuri. Ukiuliza kilichotengwa utapigiwa makofi. Ukiuliza kilichopokelewa utapata ukweli.

Swali moja, jambo moja. Tamaa ya kubandika barabara, daraja na kituo cha polisi katika swali moja humpa Waziri nafasi ya kujibu lile lililo rahisi kwa kirefu na kuyapitia mengine kwa kasi. Vilevile liwe fupi. Sentensi moja au mbili, bila utangulizi wa historia ya kata.

Na yapo yanayokataliwa mezani kabla hayajaonekana: swali lenye kebehi au tuhuma kwa mtu, linalohusu shauri lililoko mahakamani, linaloomba maoni ya kisheria au kuuliza jambo la kubuni, lililokwisha kujibiwa karibuni, lisilo ndani ya madaraka ya Serikali ya Muungano. Takwimu ndefu za mikoa yote zielekezwe kwenye majibu ya maandishi, zitakuja kamili zaidi kuliko zikisomwa kwa pumzi moja.

Hatua ya tano: saa mbili zinazokimbia kwa pamoja

Saa ya kwanza ni ya Katibu wa Bunge. Swali la msingi hutolewa taarifa kwa maandishi mapema, linakaguliwa, linaandikwa upya likihitajika, kisha linapelekwa wizarani. Mpe mbunge karatasi yako si chini ya miezi miwili kabla ya Mkutano (mfululizo wa vikao vya Bunge) unaoulenga. Uliza pia kama swali limepangiwa kikao au bado liko kwenye foleni. Yapo yanayosubiri Mkutano mzima.

Inafaa kujua jibu hupikwa wapi. Wizara ikipokea swali huliteremsha kwa taasisi, taasisi kwa ofisi yake ya mkoa, mkoa kwa wilaya. Rasimu ya kwanza mara nyingi huandikwa na ofisi ileile iliyochelewesha mradi. Inapanda ngazi, inapolishwa, hadi inafika mkononi mwa Naibu Waziri ambaye hajawahi kukanyaga kijiji hicho. Hii ndiyo sababu ya kuingiza hesabu ndani ya swali lenyewe. Ofisa wa wilaya akisoma "vituo 5 kati ya 7", anajua mwuliza alikwenda kuhesabu. Mara nyingine fundi hufika kijijini kabla ya jibu kusomwa Dodoma. Ukiona hivyo, swali limeshafanya nusu ya kazi; usilifute.

Saa ya pili ni ya bajeti, na wengi huisahau. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Halmashauri huandaa mipango yao kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Februari, Kamati za Bunge hupitia mafungu Machi, na Mkutano wa Bajeti huenda Aprili hadi Juni. Swali la kuomba fedha likiulizwa Juni limefika karamu ikiwa imekwisha. Litajibiwa kwa ahadi ya mwaka unaofuata. Likiulizwa Novemba au mwishoni mwa Januari, Waziri bado anaweza kusema "tutaingiza", na halmashauri bado inaweza kumshika neno. Maswali ya utekelezaji, yaani fedha ilishatengwa lakini kazi haionekani, hayo yaulize wakati wowote, na hasa Februari, nusu ya mwaka wa fedha ikiwa imepita.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Kikao huanza saa 3:00 asubuhi. Dua, hati za kuwasilishwa mezani, kisha maswali. Mbunge akiitwa husimama na kuomba swali lake, kwa namba yake, lijibiwe. Naibu Waziri husoma jibu. Mbunge asiwe na mazoea ya kuchelewa: akikosekana, swali linaweza kuulizwa na mwenzake kwa niaba yake, na huyo mwenzake hana karatasi yako. Kama safari haiepukiki, mkabidhi mtu swali pamoja na karatasi, usiku wa kuamkia.

Hatua ya saba: maswali ya nyongeza, hapa ndipo penyewe

Swali la msingi Waziri amelijua kwa wiki kadhaa. La nyongeza analisikia sasa hivi. Mwenye swali hupata mawili kwa kawaida. Wabunge wengine wakipewa nafasi na Spika huuliza moja moja. Mawili hayo huchezewa vibaya kuliko kitu kingine chochote Bungeni. La kwanza linatumika kushukuru na kurudia swali la msingi. La pili: "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda kujionea?" Waziri yuko tayari, daima. Hakuna jibu rahisi kuliko hilo, na safari yenyewe hutokea au haitokei.

Andaa nyongeza nne kabla ya kikao na utumie mbili, kulingana na jibu litakavyokuja. Majibu ya Serikali yana mitindo yake, ukiyasikiliza kwa miezi michache utaweza kuyamalizia mwenyewe. Haya ndiyo ya kujiandaa nayo:

Akisema "kadri fedha zitakapopatikana", usimuulize zitapatikana lini. Uliza: mradi huu umo katika makisio ya mwaka huu wa fedha au haumo? Hapo jibu ni ndiyo au hapana. Kama haumo, uliza kama utaingizwa katika makisio yanayoandaliwa sasa.

Akisema "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea", uliza mhandisi mshauri alisaini mkataba lini na anatakiwa kukabidhi taarifa lini. Upembuzi bila mkataba ni maneno tu.

Akisema "tumetenga shilingi kadhaa", uliza kiasi kilichokwisha kupelekwa hadi mwisho wa mwezi uliopita.

Akisema "mkandarasi amepewa muda wa nyongeza", uliza hadi tarehe ipi, na kama ametozwa fidia ya ucheleweshaji kama mkataba unavyotaka. Mara nyingi kinyume chake ndicho cha kweli: Serikali ndiyo haijamlipa mkandarasi hati zake za madai ya malipo, naye kaondoa mitambo. Basi uliza hati ngapi hazijalipwa. Mlaumu mwenye kosa.

Akisema "tumepokea ushauri wa Mheshimiwa Mbunge", hiyo ni njia ya adabu ya kusema hapana. Rudia kiini kwa sentensi moja fupi na ukae.

Akitaja takwimu inayopingana na karatasi yako, usibishane papo hapo kwa sauti. Mbunge aseme kwamba taarifa iliyosomwa haifanani na hali ilivyo, ataje hesabu yake na tarehe iliyofanyika, na aombe Waziri alete uthibitisho. Kanuni zinakataza kusema uongo Bungeni, na anayedai mwenzake amesema uongo anaweza kutakiwa kuthibitisha. Kwa hiyo asiseme neno hilo kama picha zenye tarehe hazimo mkobani.

Nyongeza ni lazima itokane na swali la msingi au jibu lake. Ukileta daraja kwenye swali la maji, Spika atakukatisha na nafasi imepotea. Nyongeza iliyo ndefu nayo humpa Waziri nafasi ya kuchagua. Maneno ishirini yanatosha.

Jibu likiwa pungufu kweli, kumbuka kwamba Waziri ana wajibu wa kujibu swali kikamilifu, na Spika anaweza kuagiza lirudi na majibu bora siku nyingine. Hilo huombwa kwa utulivu, kwa kutaja kipengele ambacho hakikujibiwa. Spika huliagiza kwa urahisi zaidi akionyeshwa pengo kuliko akipigiwa kelele.

Alhamisi ya Waziri Mkuu

Tangu 2008 kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, bila taarifa ya awali. Ni mahali pa sera, si pa kisima. Kisima kikipelekwa pale kitajibiwa kwa kuelekezwa kwa Waziri wa kisekta. Kero ileile igeuze: si vituo 5 vya Kijiji cha Fulani, bali ni kwa nini miradi inapokelewa na kutangazwa imekamilika kabla maji hayajatoka, na Serikali ina kauli gani juu ya hilo. Jibu la Waziri Mkuu halitakupa tarehe ya mradi wako, lakini linakupa kauli ya kumnukulia Waziri wa Maji wiki inayofuata.

Hatua ya nane: jibu limeshasomwa, kazi ndiyo inaanza

Pakua Hansard ya siku hiyo ikishawekwa. Usitegemee kipande cha video kinachozunguka kwenye simu, mara nyingi kimekatwa mahali patamu. Andika katika daftari: Mkutano, Kikao, tarehe, namba ya swali, jina la wizara, ahadi kwa maneno yaleyale, na tarehe ya mwisho iliyotajwa.

Ndani ya wiki mbili peleka barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri au meneja wa taasisi husika, nakala kwa mbunge na diwani, ukiambatisha ukurasa wa Hansard. Barua iulize jambo moja: agizo au ahadi hii imewafikia kwa maandishi? Utashangaa ni mara ngapi jibu ni hapana. Waziri aliahidi, msaidizi wake hakuandika, wilaya haijui. Barua yako ndiyo inayoziba tundu hilo.

Jibu lisomwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji na liingie katika muhtasari. Tarehe iliyoahidiwa ikipita, siku ya pili yake mwandikie mbunge mistari mitatu na karatasi mpya ya ushahidi. Swali la marudio lenye "Waziri aliahidi tarehe fulani, Kikao cha fulani" halina haja ya kupambwa.

Yote yakishindikana kuna shilingi, yaani hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Wakati wa bajeti ya wizara, Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kuomba ufafanuzi kwenye fungu la mshahara wa Waziri na kutangaza kwamba asiporidhika atatoa shilingi. Akipewa jibu lisilotosha anatoa hoja, wenzake wanachangia, na inaweza kufikia kura. Shilingi nyingi hurudishwa, na si aibu kuirudisha ikiwa imeleta tarehe mbele ya Bunge zima. Mbunge awahi kuorodheshwa, kwa sababu muda ukiisha inakuja gilotini na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo. Shilingi yake itakuwa bado mfukoni.

Kwa walioko Kenya

Karatasi ya ushahidi ni ileile, milango ni tofauti. Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge. Ibara ya 153(3) inawataka wafike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti wanapoitwa na kujibu maswali, na tangu 2023 wamekuwa wakija kujibu katika kikao cha Bunge lote baada ya kanuni kurekebishwa. Kamati ndiyo yenye nguvu zaidi: Ibara ya 125 inaipa mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi na kudai nyaraka, na maswali ya kufuatilia hayakomei mawili, kwa hiyo mtayarishie mwanakamati kumi. Ibara ya 119 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi lake Bungeni moja kwa moja. Ila angalia kwanza Nyongeza ya Nne ya Katiba: zahanati, vituo vya afya na huduma za maji ni kazi ya kaunti, na maswali yake yanamfuata waziri wa kaunti katika Bunge la Kaunti, siyo Nairobi.